Viganja Viwili

Mwezi wa saba, baridi inaposhuka toka mlimani hadi Kiborloni,
vidole vyangu ndivyo vilivyotangulia kujua.
Vilipauka kama chaki ya kupimia nguo,
vikawa bluu, kisha vyekundu, vinawaka.
Mama Ndeambilia wa duka la vifungo akasema:
damu haikutoshi, kunywa rozela.
Nikanywa. Ulimi ukaiva, vidole vikabaki vilevile.

Tumbo lilikuwa na daktari wake: vidonda, akaandika.
Kifua kilikuwa na wake: kohoa hapa. Kohoa tena.
Mara tatu makohozi yalirudi safi,
mara tatu nikazidi kuuogopa usafi.
Viungo, baridi yabisi. Ngozi, nikapewa mafuta.
Faili likanenepa, mimi nikakonda,
na kurasa zake hazikuwahi kusalimiana.

Kastabini yangu ya miaka kumi na tisa ikagoma kuingia kidoleni.
Sindano akawa ananitungia Elinaike, kabla ya shule.

Alhamisi ile, daktari Lyatuu hakufungua faili.
"Weka viganja kama unasali."
Nikaviweka. Havikukutana.
Mwanga wa dirisha ukapenya katikati,
ukaangukia mezani kwake, mwembamba
kama mshono uliofumuka.
Aliutazama muda mrefu.
Akajaribu kuifinya ngozi ya mkono, ikakataa kushikika.
"Koo, mapafu, vidole," akasema,
"mama, ni kitu kimoja."

Damu ilisafiri hadi Dar, ikakaa wiki tatu.
Iliporudi ilikuwa na jina: skleroderma.
Akaanza habari za askari waliogeuka na kupiga kwao.
Nikamwambia, daktari, mimi ni fundi cherehani.
Akanyamaza. Akaangalia pindo la koti lake.
"Basi kuna uzi ndani yako unaoshikiza kila kitu.
Mwili unashona juu ya mshono,
na umesahau kukata uzi."

Hapo nikaelewa. Hapo ndipo nikalia.

Dawa haifumui, alisema. Inapunguza mwendo wa mashine.

Nimenunua glavu za sufu mtumbani, elfu moja,
zimefumwa sungura.
Wateja wanacheka: na jua hili!
Jioni Elinaike anauliza jina lile linaandikwaje.
Ninamtajia silabi moja moja,
naye anaandika kwa chaki kwenye gauni la bibi harusi wa Jumamosi,
upande wa ndani,
kabla sijaweka bitana.