Ukurasa wa Kumi na Moja

Jumanne ya tatu bila maji mferejini
tuliiacha barabara ya Lushoto kabla ukungu haujaamka,
mimi na daftari la kamati ya maji,
yeye Shekalaghe na panga, na kimya chake.
"Onga makeo," nilimwamkia. Hakuitikia.

Nilikuwa nimeliandika jina lake ukurasa wa kumi na moja:
Anakaa juu yetu. Kabichi zake mbichi. Faini, mbuzi mmoja.
Wino wangu, mwandiko wangu,
herufi zimesimama wima kama askari.

"Twende," akasema mwishowe, "ukalione hilo bomba langu la wizi."

Njia ya korongoni si njia, ni mabishano.
Jiwe hili linasema pita, la pili linakataa;
mzizi wa mkulo unakupa mkono,
mwingine, nduguye wa tumbo moja, unakutega.
Nilipanda kwa magoti, kwa viwiko, kwa kucha,
daftari nimelibana kifuani ndani ya khanga
mpaka likalowa jasho, likanuka kama mimi.
Yeye alifunga kandambili kwa kamba ya mkonge
akatangulia kama mtu apandaye ngazi ya kwao.

Mawe ya mtoni yalilala chali, matumbo wazi.
Katika kidimbwi kimoja, kaa mmoja,
akizunguka kama mpangaji aliyefungiwa mlango.
Nilimwandika. Sijui kwa nini.
Saa mbili na nusu. Kaa mmoja.

Kisha kuta zikasogeleana,
tukapita ubavu ubavu,
mwamba wa kulia ukinigusa bega,
wa kushoto ukinisikiliza moyo.
Anga ilibaki upana wa kitambaa cha kichwa.
Kwenye nyufa, pasipofika jua wala mbuzi,
vimaua vya zambarau vyenye majani ya manyoya
vilikuwa vimeota bila ruhusa ya mtu.
Kinyonga mwenye pembe mbili alitutazama,
jicho moja kwangu, jingine kwa Shekalaghe,
na siku ile ni yeye peke yake
aliyetupima sawasawa.

Nikateleza. Niseme ukweli, nilipiga ukelele.
Mkono ulionidaka ulikuwa na sugu za jembe.
"Taratibu, Katibu. Korongo halina haraka ya kukula."
Nikakaa juu ya jiwe, nacheka, natetemeka,
na ukurasa naukumbuka ni wa ngapi.

Tuliyasikia kabla ya kuyaona.
Pale juu, bonde linapochanika mara mbili,
jiwe kubwa kama zizi la ng'ombe
lilikuwa limeng'oka ubavuni mwa mlima,
jeraha lake jekundu bado bichi,
likaketi katikati ya mlango wa maji.
Na maji hayakugombana na mtu.
Yaligeuka tu, mkono wa kushoto,
yakashukia msitu usio na shamba hata moja,
mengi, yanang'aa, hayana mwenyewe.

Shekalaghe alivua kofia, akanawa uso.
Akakata mgomba mwitu, akaanza kuziba:
udongo, jiwe, gogo, udongo.
"Shika hapa." Nikashika.
"Kandamiza." Nikakandamiza.
Adhuhuri, utepe mwembamba ukaikumbuka njia ya zamani,
ukateremka kwa kusitasita
kama jirani mliyenuniana anayekuja kuomba kiberiti.

Nikalifungua daftari.
Wino ulikuwa umetapakaa, jina lake limekuwa doa la buluu.
Ingekuwa rahisi kusema maji yamelifuta.
Lakini yalikuwa jasho langu,
na mbuzi alikwishaliwa,
nami nilipewa ini.

"Yule mbuzi," nilianza.
"Alinona?"
Nikasema alinona.
Akaguna, akachukua panga lake.

Tukashuka, maji yakitutangulia hatua chache,
yakibisha hodi kwa kila jiwe.