Chumba B14, Jumanne Jioni

Saa kumi na moja na nusu nafagia nywele.
Si kazi yangu, ila somo la ususi limechelewa kwisha
na Bi Postlethwaite ana basi la kuwahi.
Mchana, humu humu, nimewafundisha vijana wa miaka kumi na sita
kuandika barua ya kuomba kazi:
mmoja alilala, mmoja alinichora na mapembe.
Sasa jua la Workington limeshazama,
Novemba haina subira,
na mimi, kwa koti lile lile lenye chaki,
ndiye mhadhiri.

Wanaingia tisa.
Noreen Tinnion na sare ya nyumba ya wazee,
saa yake imening'inia kifuani, kichwa chini.
Bronek, ambaye saa nne usiku ataingia zamu kiwandani, kwenye karatasi.
Gaynor, miaka hamsini na miwili,
anatoa daftari mkobani kama anayetoa kitu cha wizi.
Rafuni, vichwa kumi na viwili vya plastiki, nusu vimesukwa,
vinatukodolea macho.
"Hao hawachelewi, mwalimu," asema Bronek.

Shahada yao itapigwa muhuri na chuo kikuu
kilicho mbali, saa mbili kwa treni,
ambacho hakuna hata mmoja wao amekikanyaga.
Wenzangu wa huko hufundisha saa sita kwa wiki,
wana ofisi, wana dirisha.
Mimi nina ishirini na nne, na droo isiyofungika.
Nilikusudia kuandika makala.
Mpaka leo ina kichwa tu;
ningeipanga nayo rafuni.

Leo ni nadharia ya utu katika utunzaji.
Naandika fasili ubaoni. Ni ndefu, ina mabano.
Gaynor ainua mkono, nusu:
"Hii ndiyo ile... ya kumwuliza mzee kwanza
kama maji yamekuwa ya moto mno,
hata kama jina lako ameshalisahau?"

Kimya. Bomba la joto lagonga ukutani.
Jibu la kitabu ninalo, ukurasa wa arobaini na moja.
"Ndiyo hiyo," asema Noreen, bila kunisubiri.

Najikalia kwenye kiti cha msusi,
nacho, kama desturi yake, chanizungusha polepole
hadi mbele ya kioo:
fasili yangu ubaoni, kinyumenyume, haisomeki,
na Gaynor ameinama,
analiandika swali lake
kabla halijamtoroka.