Sifuri, W, Arobaini

Duka la vipuri, barabara ya mia na kumi na nane,
Edmonton, Januari, nje thelathini na moja chini ya sifuri.
Nimesimama, buti zinadondosha theluji,
mbele ya madumu ambayo yote yanaapa.
Hili linaapa kwa dhahabu. Lile kwa mbio za magari.
Hili limechorwa bendera ya Ulaya
kana kwamba bendera hutia sahihi.

Gari ni Pasati ya mwaka elfu mbili na nane,
Mjerumani aliyezeeka, mwenye turbo na kiburi.
Mwenyewe, Shomvi, yuko Fort McMurray, zamu ya siku kumi na nne,
anayachimbua mafuta kwa mashine kubwa kuliko msikiti wa kwetu,
na simu yake imezima tangu juzi.
Yeye huyatoa huko. Mimi nayachagua huku.
Kati yetu kuna taa ya manjano, umbo la birika,
iliyowaka nikimpeleka mtoto shule.
"Mama," akasema Mwajabu, "gari linataka chai."

Korogwe, kaka yangu Mhina alikuwa na pipa moja na mrija mmoja.
Lori, pikipiki, mashine ya kukoboa:
"Oili ni oili, dada, ilimradi iteleze."
Na ziliteleza, sikatai.
Nyingine ziliteleza mpaka kwa wanunua chuma chakavu.

Orest wa kaunta, masharubu ya kijivu, babu zake Waukraine,
akaniuliza: injini gani?
Nikajibu: nyeusi.
Hakucheka. Nilimpenda kwa hilo.

Nikamwonyesha ile W iliyokaa katikati ya namba.
Kwetu W huandikwa mlango wa choo,
ukabaki nje umejibana, huku ukijiuliza:
wanaume, au wanawake?
"Ni baridi," akasema. "Namba iliyotangulia
inakwambia oili itaamkaje alfajiri kama ya leo.
Inayofuata, itavumiliaje ikishachemka."

Nikakumbuka nilivyoshuka uwanja wa ndege, Novemba ile,
nikaganda kama samli.
Wiki tatu sikufika hata dukani.
Ningepimwa, ningekuwa ishirini na tano, W.
Lakini kwenye moto niulizeni mimi:
wakwe, mikopo, leba ya saa thelathini.

Nikashika lenye sifuri, nikaona yamekwisha.
Orest akaligeuza dumu, akanionyesha mgongo wake,
maandishi madogo kama mayai ya chawa.
"Unene peke yake hautoshi. Tafuta kibali cha kiwanda."
Nikatoa mkobani kitabu cha gari.
Ukurasa wenyewe ulikuwa na alama ya kikombe cha kahawa,
na mwandiko wa Shomvi, kalamu ya risasi, umeinama kulia:
*502 00. HII TU. Usidanganywe na bei.*

Sijui alimwandikia nani. Huenda alijiandikia.
La bendera: dola ishirini na nane, namba haina.
La namba: sitini na moja.
Nilisimama pale kwa muda wa kupika ugali.
Kisha nikalipa, nikawa na hasira na mwandiko.

Gereji ya jirani ina hita.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
aliyeutunga hakuwa na jeki wala koti hili.
Nikalala chali, nikalegeza boliti,
oili ya zamani ikatoka nyeusi kama kahawa ya msibani,
ikaniingia mkononi mpaka kiwiko.
Mpya ilishuka bila kelele, rangi ya asali mbichi.
Lita nne na nukta sita. Nikachomoa kijiti, nikafuta, nikapima tena.
Birika likazimika.

Saa tano usiku simu ikalia.
Hakuniuliza hali. Aliuliza: "Umeweka ipi?"
Nikamtajia, tarakimu moja moja.
Akanyamaza. Nikasikia upepo wa kule ukigonga bati.
"Imebaki nukta nne kwenye dumu," nikamwambia.
"Nimekuwekea."