Uzi Wenye Mafundo

Jina langu Mbwana. Shuleni Makorora
walilikata mkia: toa "na", wakacheka,
kilichobaki kibweke.
Miaka arobaini sijagusa mbwa,
labda kwa dini, labda kwa kile kicheko.

Leo Nakaniwa, nesi wa Bombo,
amesimama mlangoni pa karakana yangu, Barabara ya Kumi na Nne,
kamba mkononi, na mwisho wa kamba
jibwa la rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limechanika.
"Anaitwa Watasema," akaniambia.
Na barabara nzima ilikuwa imeshaanza.

Anakwenda Ujerumani kuuguza wazee wa watu.
Mbwa ana chembe ya namba chini ya ngozi ya shingo,
ana cheti cha chanjo ya kichaa, muhuri wa bluu,
damu yake imetangulia kwa ndege ndani ya kichupa,
imepimwa huko, imejibu vizuri,
na sasa wanahesabu miezi mitatu itimie
kama eda ya talaka.

"Limebaki sanduku."
Akanipa karatasi ya shirika la ndege:
asimame, kichwa kisiguse dari,
ageuke bila kujikunja,
alale amenyoosha miguu.
Nikaisoma mara mbili.
Nimeunda vitanda vya kulala watu watatu, wanne,
hakuna aliyewahi kuniuliza kama watageuka.

Nikatoa uzi wa mwashi.
Mshike wewe, nikasema, mimi nitafunga mafundo.
Pua hadi shina la mkia: fundo.
Ukucha hadi ncha ya sikio, lile zima: fundo.
Upana wa mabega, mara mbili: fundo.
Alitulia kama bwana harusi mbele ya cherehani,
ila pumzi yake ilinigonga kiganjani,
ya moto, kavu,
na sikujua pumzi ina hukumu gani.

Msaji wa Longuza ungekuwa mzito, ndege hulipisha kwa kilo.
Nikachukua paini ya Shume.
Skrubu, si misumari. Matundu pande zote nne,
madogo pua isipite,
makubwa harufu ipite.

Shekue, muuza vipuri vya baiskeli, akaja kuegemea mlango.
"Utakula hela ya mbwa?"
Nakula hela ya sanduku.
Akalizunguka, akachungulia, akalipima kwa macho.
"Vijana wangapi mtaa huu
wangelala humu, ukawapigia skrubu,
mradi wafike?"
Nikapiga randa. Ubao ulikuwa umeshanyooka,
nikapiga tu.

Wiki ya mwisho alimleta kila jioni alizoee.
Siku ya kwanza alilibwekea.
Ya pili alitia kichwa, akakitoa haraka
kama aliyefungua bafu lenye mtu.
Ya nne nilimkuta amelala ndani, juu ya maranda,
miguu inakimbia usingizini.
Kwa kasi ile alikuwa bado Chumbageni,
anafukuza kunguru wa hospitali.

Nikapaka mishale mekundu, juu, juu,
na yale maneno ya kigeni ya mnyama aliye hai,
herufi kwa herufi, nikifuatisha karatasi.
Kisha nikalipindua.
Chini, pasipoonwa ila na mpakuzi,
nikaandika kwa penseli: Limetengenezwa na Mbwa
na risasi ikavunjika.

Nilikaa nikaitazama ile sentensi.
Hakuna mtoto wa Makorora aliyekuwepo.
Nikaichonga penseli kwa patasi, polepole,
nikaongeza na.

Wameondoka Alhamisi kwa pikapu ya shemeji yake.
Alikuwa akilia yeye, si mbwa.
Nimenawa mara saba, moja kwa mchanga,
ingawa hakunilowesha.
Uzi sikuuosha.
Unaning'inia msumarini, kati ya kipimo cha mlango wa Shekue
na cha kitanda cha biarusi wa Pongwe,
mafundo matatu,
mrefu kuliko nilivyodhani.