Chumvi Nyingi

Leicester, Januari. Jua limegoma siku ya kumi na moja.
Daktari Pritchard akaigusa picha kwa ncha ya kalamu:
pingili ya nne imebonyea.
Mama akaitazama. "Kama muwa uliokanyagwa."

"Ana umri gani?"
"Mwambie nimekula chumvi nyingi."
Mkalimani, kijana wa kwenye simu,
akatafsiri neno kwa neno,
na daktari akaandika:
apunguze chumvi.

Nilicheka. Mama hakucheka.
Kucheka kunamuuma, toka kiunoni hadi mabegani.

Kidonge kila Jumatatu alfajiri,
maji glasi nzima,
kisha nusu saa asilale.

Basi husimama dirishani, Bi. Zaituni,
mkono mmoja juu ya kabati,
akilingoja jua
kama mdai mlangoni kwa mdeni.