Nafasi ya Nne

Saa tisa za usiku Lima haina nyota,
ina manyunyu tu, si mvua wala si ukungu,
yanayoingia mfupani bila kubisha hodi.
Nashuka ngazi za kilima, mia mbili na kumi na moja,
boksi la friji nimelikunja kwapani:
hilo ndilo godoro langu, hilo ndilo duka.

Langoni mwa hospitali nawakuta wenzangu.
Zósimo ameshika ya kwanza, kama kawaida yake,
Maruja na mwanawe ya pili na ya tatu.
Ya nne ni yangu.
Tiketi ni ishirini kwa siku, za daktari wa uvimbe sita.
Mlinzi hutuhesabu kwa ncha ya kiatu.

Saa kumi na moja wateja huja,
wale waliolala kwao wakaamshwa na maumivu:
mzee mwenye mguu uliojaa kama gunia la viazi,
dereva wa bajaji anayekohoa ndani ya kofia,
binti aliyeombewa ruhusa kiwandani,
nusu siku, bila malipo.
"Mama, unauza?"
Nauza.
Soli kumi na tano. Baridi ikizidi, ishirini.
Wananilaani kimoyomoyo, wala siwalaumu.
Nainua boksi, nampisha mtu nilipolala,
sakafu ingali na joto langu.

Miezi kumi na mmoja sasa.
Nimekuwa wa nne zaidi ya mara mia mbili
na dirisha la tatu sijaligusa.

Kwenye titi la kushoto nina kitu.
Kilianza kama punje ya hindi, nikasema ni maziwa yameganda,
ingawa kitinda mimba wangu ana miaka tisa.
Sasa ni kokwa la parachichi.
Nimekipa jina, Mpangaji:
halipi kodi, na kila mwezi anaongeza chumba.

Kinyozi hajinyoi, walisema waliosema.
Hawakusema kinyozi ana watoto watatu
na wembe wake uko rehani.

Kila usiku, ngazini, naapa: leo siuzi.
Nikifika ngazi ya mia nakumbuka gesi.
Nikifika chini nakumbuka viatu vya Yadira,
kidole gumba kinachungulia nje kama jirani mbeya.
Na hata nikifika dirishani
nitaulizwa karatasi ya rufaa ya zahanati ya kilimani,
ambayo hufunguliwa Jumanne,
na daktari huja Jumanne nyingine.

Juzi alikuja mwanamke wa rika langu,
nywele mbichi, kitambulisho mkononi,
mkono wa pili ameuweka pale pale
ninapoweka wangu nikidhani sionekani.
Hatukuulizana.
Alinipa ishirini, nikamrudishia tano.
Sijui kwa nini tano.
Nikaenda kusimama ng'ambo, kwa muuza shayiri ya moto,
nikanywa kikombe kimoja kwa saa sita.

Adhuhuri alitoka na kijikaratasi, akakinyoosha juu ya paja
kama mtu apigaye pasi leso.
Tarehe kumi na nane, Novemba.
Ilikuwa Julai.

Akavuka barabara kunishukuru,
mimi,
kwa mikono yote miwili.