Mwendo Ule Ule

Mwalimu Shaame kachora masanduku mawili ubaoni,
kamba katikati, mshale mbele,
kaandika: mwendo haubadiliki, sakafu ina msuguano,
chukulia kamba haina uzito.
Tafuta kani katika kila kamba.
Darasa zima likainamia madaftari.
Mimi nilikuwa nimeshayavuta.

Kisimamajongoo, Jumatatu, baada ya adhuhuri,
saa ambayo watu hulala
na wasiolala huchungulia.
Mbele sanduku la mvule, lile la njumu
alilotoka nalo mama kwao;
nyuma la bati, langu: vitabu, sare,
na mdoli wa Raya asiye mkono.
Hamali alitaka elfu kumi.
Mama akaenda uani, akafungua kamba ya usumba
iliyokuwa ya kuanikia kanzu za baba,
akaikata vipande viwili kwa kisu cha samaki.

Kung'oka ndiko kulikokuwa na kazi.
Sanduku liling'ang'ania kizingiti kama lina hoja.
Mama akaegemea, mishipa ya shingo ikasimama,
mara likaachia, krrr,
kamba ya pili ikakaza, langu nalo likafuata,
tukawa jongoo uchochoroni,
pingili kwa pingili.

"Usikimbie," aliniambia bila kugeuka.
"Wala usisimame. Mwendo ule ule."
Kwa Bi Kidawa pazia likasogea.
Barazani kwa fundi cherehani bao likanyamaza,
kete zikabaki mkononi mwa mtu.
"Mnahama, Bi Asya?"
"Tunatembea."
Hakuongeza hatua. Hakupunguza.

Sikujua kwamba hiyo ndiyo hesabu yenyewe:
aendaye mwendo mmoja hana kani ya ziada,
kinachovuta na kinachokataa vimelingana,
jumla yake sifuri.
Sifuri!
Usiku nilimfunua kiganja kwenye taa,
kamba imekipiga mistari
myekundu, kama daftari jipya.

Haya, Mwalimu, nakokotoa.
Saruji inalidai la mvule nyutoni mia na themanini,
la bati inalidai sabini.
Kamba ya nyuma haina habari na mvule,
inalipa deni la bati tu: sabini.
Kamba ya mbele inalipa yote mawili,
mia mbili na hamsini,
kwenye mkono mmoja.
Mchapuko: hakuna.

Nikapata vema, kubwa, ya wino mwekundu.

Sikuandika kwamba karibu na msikiti
palimwagika mchanga wa mjenzi, msuguano ukapanda,
na mama akaongeza nguvu bila kusema,
ili mwendo usionyeshe.
Sikuandika kwamba pale pale
nililisukuma la bati kwa wayo wa mguu, kidogo tu,
naye akahisi, kule mbele, sanduku zima kati yetu:
"Mkono umekuwa mwepesi. Nani anasukuma?
Acha, utaumia kidole."
Kwa hiyo sabini yangu si sabini.
Toa kumi. Labda kumi na mbili.
Sikuacha.

Mlangoni kwa bibi Shinuna akaiachia kamba.
Masanduku yakasimama papo hapo,
hayakuteleza hata upana wa ukucha.

Vipande vile tuliviunga. Viko uani kwa bibi,
vina fundo katikati,
tunaanikia nguo zetu watatu.
Siku za mvua usumba hunywa maji.
Mwalimu, njoo uinyanyue.